Matundu Manne ya Ubao wa Karagita

Wenzangu mlio bado kwenye karakana, siku ya kuniaga mliniambia niandike jambo lolote ninalolikumbuka, mradi lisiwe hotuba. Nimejaribu. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha, kwa kuwa zangu hazina la kumfundisha mtu. Nimechagua kuandika kuhusu matundu ya kuning'inizia, yale tunayokata nyuma ya vibao vya mbao ili kibao kikae ukutani bila kamba wala ndoano. Ni kazi ndogo ambayo mteja haioni. Akiiona, ujue kuna kitu kimeharibika.

Mashine yetu ya kwanza ya kuchonga kwa kompyuta ilifika Nakuru mapema mwaka 2007. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa randa na msumeno wa mezani, na masikio yangu bado yanalipia miaka hiyo. Mwenye karakana, Bwana Jagdev, alikuwa Singasinga ambaye baba yake na babu yake walifanya kazi ya mbao katika mji huu huu. Aliinunua mashine ikiwa imetumika, kutoka kwa karakana ya samani ya Nairobi iliyokuwa inafungwa. Ilikuja na kompyuta iliyojaa vumbi, sanduku la biti za kukatia, na kitabu cha maelekezo kilichokosa kurasa kadhaa. Nilikipeleka nyumbani, nikakisoma nikiwa na kamusi kando, nikarudia tena na tena mpaka mke wangu akauliza kama nasomea upadri. Kurasa zilizokosekana ndizo zilizoeleza namna ya kuizima mashine.

Mwalimu mwingine sikuwa naye, ila Bwana Jagdev mwenyewe, ambaye kompyuta hakuijua lakini mbao alizijua. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo wa ubao na kukwambia biti yako ilianza kuwa butu mahali gani. Mimi nilishughulika na tarakimu, yeye na nyuzi za mti, na kati yetu tukapata fundi mmoja kamili.

Biti ya matundu haya ina umbo la uyoga mdogo wa chuma: kichwa kipana chini, shingo nyembamba juu. Inazama kwenye mbao na kufungua duara, kisha inatembea kuelekea juu ya kibao ikichimba mfereji. Kwa nje unaona njia nyembamba ya shingo tu, lakini ndani kichwa kimefungua nafasi pana. Ukining'iniza kibao, kichwa cha skrubu kinaingia kwenye duara, kibao kinashuka kidogo, na skrubu inanaswa kwenye ile njia. Ukitazama, ni tundu la ufunguo.

Jambo ambalo mmelisikia kwangu hadi mkachoka ni kwamba biti hii haiwezi kuinuka popote. Ikifika mwisho wa mfereji lazima irudi hadi kwenye duara, ndipo inuke. Mimi na Bwana Jagdev tulijifunza hayo kwa kuvunja biti ya kwanza pamoja na kipande kizuri cha mvule. Aliokota kipande, akakigeuzageuza.

"Fundi," akasema, "hii imeingia mlango, imetoka dirisha. Hata mwizi hapendi hiyo njia."

Somo la pili lilitoka kwa Wekesa, mtu wa msasa, ambaye siku zile alinisaidia kupanga mbao mezani. Tulikuwa na vibao vya klabu ya mpira ya wafanyakazi wa kule Olkaria. Maandishi yalikwisha kuchongwa, yakabaki matundu ya nyuma. Wekesa akavigeuza vyote vizuri, kwa uangalifu, kama mtu anavyogeuza chapati: upande wa juu ukaja chini. Mashine ikakata bila kosa lolote, na matundu yote yakaangukia miguuni pa maandishi. Klabu ilipovining'iniza, majina ya wachezaji yalisimama kwa kichwa. Kapteni wao alipiga simu kuuliza kama huo ndio mtindo mpya. Tangu siku hiyo tukaweka sheria ya kugeuza ubao kama ukurasa wa kitabu, kushoto kwenda kulia, na Wekesa akaitwa Chapati mpaka alipohama. Alivumilia vizuri.

Mnamo Novemba walikuja watu watatu kutoka Karagita, kutoka kanisa dogo la wafanyakazi wa mashamba ya maua. Pasta Eliud alikuwa mrefu na mpole, mtu wa kumaliza sentensi kwa kumtazama mwenzake. Mzee Zakayo, mpiga dawa shambani, ndiye aliyeshika funguo za kanisa. Wa tatu alikuwa Mama Teresia, mpakiaji wa maua, mjane wa mtu aliyeitwa Barnaba. Walikuwa wamemaliza kujenga kwa mawe, na walitaka ubao mmoja wa mwerezi wenye majina ya walioanzisha kanisa lile wakiwa bado wanaabudu chini ya turubai. Mama Teresia ndiye aliyetaja majina, mimi nikiandika. Alipofika kwa Barnaba aliniomba nisome nilivyoandika.

"Alibeba mawe mpaka bega likaanguka," akaniambia. "Hakuona paa."

Mzee Zakayo akaongeza kwamba hata saruji ya kona ya mashariki ilikorogwa na Barnaba, na kwamba aliikoroga vibaya. Wakacheka wote watatu. Ninaeleza hayo ili mjue walivyokuwa.

Nilichonga uso wa majina kabla ya Krismasi. Matundu sikuyakata. Ukuta wao ulikuwa wa mawe, na nilitaka Pasta apime kwanza mahali skrubu zitakapokaa, ziangukie kwenye jiwe na si kwenye kiungo cha saruji. Ukikata kwanza ndipo upime, utakuwa unahamisha ukuta. Tukaulaza ubao juu ya rafu kusubiri vipimo.

Kisha mwaka ukageuka, na yaliyotokea baada ya uchaguzi, mjini kwetu na kule Karagita kando ya ziwa, majirani wakifukuzana kwa kabila, mnayajua. Asiyejua awaulize wazazi wake. Karakana ilifungwa kwa majuma kadhaa. Tulipofungua, mbao zilikuwepo zote, ila baadhi ya watu hawakurudi.

Mteja wa kwanza kuingia alikuwa Mama Teresia. Alikuwa amekimbia Karagita na sasa alikaa kwa kaka yake hapa Nakuru, Section 58. Hakuja kuagiza kitu. Aliomba kuona kama ubao upo. Nikauteremsha, nikaufuta vumbi, akasoma kutoka juu hadi chini bila kuugusa. Halafu akashukuru, akaenda zake.

Siku chache baadaye wakaja Pasta Eliud na Mzee Zakayo. Vipimo walikuwa navyo, lakini walikuwa na jambo jingine pia. Mzee Zakayo ndiye aliyelisema. Walitaka majina fulani yaondolewe, majina ya waliokuwa wa upande wa waliofukuzwa. Jina la Barnaba lilikuwa miongoni mwayo. Alieleza kwamba vijana wa pale bado wana moto, kwamba wakiingia na kuyaona majina hayo watavunja ubao na madirisha pamoja, na kwamba yeye ndiye anayelala karibu na kanisa. Sikuona chuki katika maneno yake. Niliona hofu, na aibu ya kuwa na hofu. Pasta alimtazama Zakayo, kisha akanitazama mimi.

Nilijibu kwamba herufi zimezama milimita tano. Kuziondoa ni kuparuza uso mzima, na ubao utakaobaki utakuwa mwembamba. Hilo lilikuwa kweli, lakini nakiri sikulisema kwa ajili ya unene pekee. Bwana Jagdev aliyekuwa akisikiliza mlangoni alisema neno moja tu, kwamba mwenye majina aitwe. Kutoka Section 58 hadi kwetu si mbali. Wekesa akatumwa.

Mama Teresia alipoingia, Mzee Zakayo alisimama.

"Mama Teresia. Habari ya siku nyingi."

"Salama, Mzee Zakayo. Chumba changu sasa anakaa nani?"

Mzee Zakayo alitazama sakafu, akasema ni mpwa wake.

"Na kitanda?"

"Kipo. Hakuna aliyekigusa."

Hapo Pasta aliharakisha kumweleza kilichowaleta, kwa maneno mengi na laini. Mama Teresia alisubiri amalize.

"Chumba ni cha kukodi," akasema. "Leo ni changu, kesho ni cha mpwa wa mtu. Sijaja kudai chumba. Lakini jina la Barnaba si la kukodi."

Bwana Jagdev alikwenda kuzima feni. Ndipo Pasta Eliud akauliza kama upande wa nyuma unaweza kuchongwa pia. Wazo lake lilikuwa kuandika jina la kanisa na aya fupi nyuma ya ubao, na kuuning'iniza hivyo, majina yakitazama ukuta, mpaka watu watulie. Siku ikifika utageuzwa. Mzee Zakayo alikubali upesi. Akasema basi nikate matundu upande wa majina tu, ndio utakaokaa ukutani. Yale ya upande wa pili yatakatwa siku hiyo ya kugeuza.

Mama Teresia alinigeukia mimi. Akauliza, ubao ukiwa na matundu upande wa majina peke yake, je, kuna namna ya kuuning'iniza majina yakiwa nje? Nikamwambia hakuna.

"Basi kata pande zote mbili leo," akasema. "Mkikata upande mmoja, huo mwingine hautakatwa. Hakuna mtu atakayefunga safari na ubao kutoka Karagita hadi Nakuru kwa ajili ya matundu. Mimi nawajua."

Pasta akamtazama Zakayo. Zakayo akasema ni sawa.

Sasa sikilizeni upande wa kazi. Ubao ulikuwa na unene wa milimita ishirini na mbili, na kila tundu linakula tisa. Skrubu za ukutani ni zile zile mbili, kwa hiyo ubao ukigeuzwa kama ukurasa, tundu la upande huu linaangukia mgongoni mwa tundu la upande ule. Zinabaki milimita nne za mwerezi katikati, na mwerezi hupasuka hata kwa maneno. Nikayatenganisha kwa kimo. Ya upande wa majina niliyaweka juu kabisa, kwenye ukingo usio na maandishi. Ya upande wa aya niliyashusha, yakae nyuma ya nafasi tupu kati ya kichwa cha maandishi na jina la kwanza. Nilimwonya Mama Teresia kwamba siku majina yatakapokaa nje, matundu mawili yataonekana pale juu, tupu. Akasema yaonekane tu.

Walirudi wote baada ya aya kuchongwa, wakakaa kwenye magogo kutazama. Hawakukaa pamoja. Nikakata mawili ya upande wa majina, nikageuza ubao kama ukurasa, nikakata la tatu. La nne likiwa limefika katikati ya mfereji, stima ikapotea.

Kelele zote zilikatika mara moja. Biti ilikuwa ndani ya mbao, kichwa chake kipana chini, haiwezi kuinuka. Na mashine ile ilikuwa na tabia moja ambayo kitabu kiliieleza vizuri: stima ikirudi, jambo la kwanza inalofanya ni kuinua kichwa chake juu kutafuta mahali pake pa kuanzia. Haiulizi kama biti imeshikwa. Ingeng'oa kipande cha ubao pamoja na jina lililo upande wa pili. Bwana Jagdev alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kuu ukutani, akaishusha, akasimama mbele yake kama askari wa benki.

"Labda Mungu mwenyewe ameamua," Mzee Zakayo akasema polepole.

"Mungu hajawahi kuajiriwa na watu wa stima, Mzee," Mama Teresia akajibu. Nadhani nilimwona Pasta akizuia kucheka.

Njia ya kutoka ni hii, na mwiandike mahali. Usivute chochote juu. Chukua spana mbili, legeza koleti inayoshika biti, kisha inua kichwa cha mashine kwa mkono, taratibu. Biti inabaki imesimama peke yake ndani ya mbao. Halafu unaishika kwa vidole na kuirudisha kwenye mfereji hadi kwenye duara. Nililegeza, nikainua. Lakini kibano kimoja kilikuwa kimekaa karibu sana, na vidole vyangu havikuingia. Nikaondoa kibano, na ubao ukakosa wa kuushika. Bwana Jagdev hakutaka kuiacha swichi.

"Mama," akasema kutoka kule, "wewe iko vidole dogo. Vuta pole pole. Wewe Mzee, shika mbao, usiache itembee."

Mzee Zakayo akalaza mikono yake miwili juu ya ubao, yote, hadi viwiko. Mama Teresia akainama mbele yake, akaishika biti kwa vidole vya mtu aliyezoea mashina ya maua. Ilikuwa bado ya moto. Akaguna, lakini hakuiacha. Iligoma mara moja mahali vumbi lilipojaa. Akairudisha mbele kidogo, akapuliza, akaivuta tena. Vichwa vyao vilikuwa karibu kugongana. Ikafika kwenye duara, ikatoka. Stima iliporudi mchana tulianza tundu lile upya kutoka kwenye duara lake, likakamilika. Walipoondoka, Pasta na Zakayo waliubeba ubao kwenda Karagita, na Mama Teresia akarudi Section 58 kwa miguu.

Kazi nyingine zikaja, mwaka ukaenda. Kuelekea mwisho wake Pasta Eliud alinipigia simu kulalamika kwamba ubao umelegea. Ukigusa mlango, ubao unagonga ukuta, akasema, huenda nilikata matundu mapana. Hilo liliniuma. Nikachukua kalipa ya kupimia upana, bisibisi na msasa, nikaenda mwenyewe.

Kanisa lilikuwa safi, viti vya plastiki vimepangwa. Ubao ulikuwa ukutani, aya ikiwa nje. Nilimuuliza Pasta kama umewahi kugeuzwa, akasema bado, muda haujafika, huenda mwakani. Mzee Zakayo alikuwa nyuma yetu na ufagio wake.

Nikauteremsha ubao, nikauweka juu ya viti viwili. Matundu ya upande wa majina, yaliyokuwa yakibeba ubao muda wote, yalikuwa na alama niliyoitarajia: kichwa cha skrubu kimekandamiza mbao mahali pamoja. Nikaugeuza. Matundu ya upande wa aya yalitakiwa kuwa kama siku nilipoyakata, meupe, na vumbi la msasa ndani. Yalikuwa meusi kwa ndani. Kingo za mfereji zilikuwa zimeng'aa kwa kusuguliwa, na duara limekwaruzwa pande zote. Skrubu zilikuwa zimeingia na kutoka hapo mara nyingi sana. Ndicho kilicholegeza skrubu ukutani.

Nilikuwa bado nimeshika kalipa, bila cha kupima. Pasta aliinama, akatazama kwa karibu. Funguo za kanisa zilikuwa kwa mtu mmoja tu. Wote wawili tukamgeukia.

Mzee Zakayo aliegemeza ufagio kwenye kiti.

"Kila Alhamisi nafagia," akasema. "Huwa niko peke yangu. Kufagia nyumba ya watu huku umewafunika uso, nilishindwa. Basi nawageuza, nafagia, nikimaliza nawarudisha."

"Tangu lini?" Pasta akauliza.

"Tangu Alhamisi ya kwanza."

Nilikaza skrubu, nikaziongezea vipande vya mti kwenye jiwe, nikazijaribu. Zikasimama imara. Kisha nikauliza upande gani. Pasta Eliud alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumtazama mwenzake. Akasema, "Majina." Mzee Zakayo akauchukua ubao mikononi mwangu. Hakuangalia nyuma ya ubao kutafuta skrubu. Aliuinua, akaushusha, ukaingia wenyewe, kama mtu anayefunga kifungo cha shati lake. Matundu mawili yalionekana pale juu, matupu, juu ya majina yote.

Nikiwa njiani kurudi nilipitia Section 58. Mama Teresia alikuwa uani akianua nguo. Nikamweleza nilivyoyakuta matundu, nani aliyekuwa akigeuza, na kwamba sasa majina yako nje. Alisikiliza akikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Kuhusu chumba hakuuliza, nami sikutaja.

"Alhamisi, umesema?"

"Kila Alhamisi."

"Mwambie asifagie pale mbele," akasema. "Pale mbele nafagia mimi."

Nilimpigia Mzee Zakayo simu jioni ile ile, nikamfikishia maneno hayo kama yalivyo.

"Fundi," akasema, "nauli anayo?"